Udongo mwekundu ulinidanganya

Siku ya kwanza kuchimba shamba langu nilifurahi kupita kiasi. Udongo mwekundu, wenye kina, chepeo linazama bila kugonga jiwe. Nikajiambia hapa ni kupanda tu. Mahindi yalipofika magotini, kingo za majani zikageuka zambarau, dalili ya upungufu wa fosforasi. Nami nilikuwa nimeirusha mbolea ya kupandia shamba zima, kama anayelisha kuku!

Sikujua udongo ule umepitia nini. Maji ya mvua huchanganyika na kaboni dioksidi, hasa ile inayotoka kwenye mizizi na vijidudu vya ardhini, yakawa asidi hafifu. Hafifu, ndiyo, ila joto la tropiki halipoi na mvua haichoki, na kazi hiyo imeendelea maelfu kwa maelfu ya miaka. Miamba huoza. Virutubisho kama kalisi, magnesi na potasi husombwa, hata silika, madini yaliyo mengi mchangani, huondoka kidogo kidogo. Kinachosalia ni kile maji yalichoshindwa kukibeba: oksidi za chuma na alumini, na udongo wa mfinyanzi uitwao kaolinaiti. Wekundu niliodhani ni rutuba ulikuwa kutu.

Kaolinaiti ina nguvu ndogo ya kushika virutubisho. Mfinyanzi wa udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi, huishinda hata mara kumi. Zile oksidi nazo huing'ang'ania fosforasi mpaka mizizi inaikosa. Tena pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, ikiwa chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Niling'oa mche mmoja nikaona: mizizi mifupi, minene, imevimba nchani.

Kwa hiyo pima udongo kabla ya kununua chokaa ya kupunguza asidi, maana ikizidi huifungia mimea zinki. Mbolea ya fosforasi weka shimoni, ifukie kidogo ndipo udondoshe mbegu. Ya kukuzia igawe mara mbili au tatu, la sivyo mvua kubwa moja inaondoka nayo. Lakini kama fedha ni kidogo, mimi ningeanza na samadi na mboji, kwani katika udongo wa namna hii ndizo zinazoshika virutubisho kuliko mfinyanzi wenyewe. Mabaki ya mavuno usiyachome.

Msimu uliofuata nililima nusu ya shamba. Samadi niliyokuwa nayo iliishia hapo.