Usimpeleke Diani kwanza, muulize leo

Wenzangu wamekujibu pole na dua, na ni vizuri. Mimi utaniwia radhi, nimesoma maneno yako nikahisi kama nimemwagiwa maji ya barafu.

Umesema ndugu yako hana kazi tangu alipoachishwa bandarini, hapati usingizi, na aliwahi kutamka kuwa yeye ni mzigo. Sasa ghafla ametulia. Anacheka, amelipa madeni ya dukani, amekupa viatu vyake vya mpira. Ukamshukuru Mungu. Wikendi wataka umvushe feri mwende ufuo wa Diani akapunge upepo, na "lile jambo" hutalitaja usije ukamtia wazo.  

Usingoje wikendi. Mkae wawili, simu zizimwe, umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Usimuulize "uko sawa?" Mtu wa Pwani ukimuuliza hivyo atakujibu alhamdulillahi hata paa likiwa lawaka moto.

Mpango wako huo nilishaufanya mimi. Mtoto wa mama yangu mdogo alianza hivyo hivyo, na nilitaka kumuuliza, wallahi neno lilikuwa mdomoni. Ami yetu mmoja akanizuia. Ni mzee wa baraza, ana dawa ya kila kitu kuanzia kisukari hadi talaka, na kahawa yake hulipiwa na wengine. Akatoa amri: asitajiwe kitu, ukimtajia kifo umemwonyesha njia, mchangamsheni tu. Nami mtu mzima na ndevu zangu nikatii.

Basi tukamchangamsha. Jioni zote tuko bustani ya Mama Ngina, pale ufuoni Mombasa: viazi karai, mihogo ya pilipili, madafu. Aliyenenepa ni mimi. Yeye akawa mpole ajabu, akampa mtu saa yake, akapita nyumba hadi nyumba kuomba radhi kwa watu ambao hata hakuwakosea. Tukasema mashallah, kijana ameshika dini. Ami akajisifu msikitini kuwa ushauri wake umefanya kazi.

Jirani ndiye aliyemwahi. Yu hai, na hayo mengine si ya kuandika hapa.

Alipopata nafuu nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu: "Niliwaona mwanitembeza kila jioni, hamniulizi kitu, nikadhani mushajua na mumeridhia. Nikaona mwaniaga." Yaani viazi vyangu vyote vile yeye alivihesabu kuwa ni karamu ya kuagana. Ndiyo maana nimeshtuka nilipoona neno Diani.

Ami mpaka leo ashikilia kuwa lilikuwa jini. Sina ugomvi na kisomo, kijana tulimsomea na tungali twamsomea. Ugomvi wangu ni na mtu anayesema usiulize. Hiyo habari ya kwamba kuuliza kunamtia mtu wazo, Shirika la Afya Duniani limeiweka miongoni mwa imani potofu tangu ripoti yake ya 2014. Wazo analo tayari. Ukimuuliza unampa nafasi ya kulitua, na mara nyingi mtu wa hali hiyo amegawanyika, upande mmoja wake wataka kuishi. Huo upande ndio unaozungumza nao. Na utulivu unaokuja ghafla baada ya dhiki, pamoja na kugawa vitu na kuagana, huenda ukawa na maana kwamba ameshakata shauri. Usisherehekee.

Kitu kimoja ami hakukitunga: hofu ya polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2, na watu wakaficha wagonjwa majumbani. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mtu akikutisha kwa hilo, mwambie ana habari za zamani.

Akikujibu ndiyo, usiruke, usilie, usimpigie hotuba ya dhambi. Sikiliza. Muulize kama amepanga vipi na lini, na kama aliwahi kujaribu huko nyuma, kwani aliyewahi kujaribu yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Asikuapishe kuwa ni siri yenu. Usimwache peke yake hata mkipishana zamu usiku kucha, na kila anachoweza kujidhuru nacho, dawa za wazee zikiwemo, kitoke nyumbani. Wimbi kali kama hili mara nyingi hupita, kazi yenu ni avuke akiwa na watu. Piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, au Befrienders Kenya 0722 178 177. Kama ana mpango tayari, usibishane na simu: mpeleke usiku huo huo kitengo cha dharura cha Hospitali Kuu ya Pwani. Hospitali ya Port Reitz nako kuna kitengo cha afya ya akili. Akiruhusiwa kurudi nyumbani msilegee, wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali zina hatari yake.

Na akikujibu la, siwazi hivyo, mshukuru, kisha kesho umuulize tena. Atakuona msumbufu. Wangu aliniita askari kanzu, akawa akiniona natokea kichochoroni anapaza sauti kabla sijafungua mdomo: "La, leo siwazi! Nipe nauli!" Nauli nikampa.