Gari linayumba kwenye kona: springi ziache kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kufunga springi fupi mwenyewe hapo nyumbani Malindi, maana Toyota Probox yako inayumba kwenye kona ukielekea Mombasa. Mimi ningeanza na upepo. Pima tairi asubuhi kabla gari halijatembea, ulinganishe na kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kisha bonyeza kila pembe ya bodi kwa nguvu na uiachie. Ikidunda zaidi ya mara mbili, shokomzoba, yaani kifaa kinachotuliza mdundo wa springi, imechoka. Chungulia na bushi, yale mapira ya kwenye viungio vya chini ya gari, kwani mpira uliopasuka unatosha kulegeza usukani.

Kinachonitia hofu ni jeki. Tafadhali usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu, tena kwenye mchanga wetu huu! Tandika ubao mpana, weka stendi mbili za chuma za kubeba gari, magurudumu yaliyobaki chini uyazuie kwa mawe. Springi ya mbele iliyobanwa ikifyatuka yaweza kuua. Hiyo mwachie fundi mwenye vibano vya springi.

Shokomzoba hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, kisha gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Chumvi ya bahari nayo hula chuma, kwa hiyo osha uvungu kwa maji matamu kila wiki.