Pimeni dawa kwenye kilula cha mwisho

Ukiuliza viongozi wa maji kijijini kama maji yao ni salama, wengi watakupeleka kwenye tenki. Lina uzio, lina mlinzi, na ukichungulia ndani unaona sakafu. Lakini hakuna anayechota kwenye tenki. Mama mwenye ndoo yuko kilomita tatu chini, mwisho wa laini, na kati yake na tenki kuna jointi zilizolegea, bomba lililokatiza mtaro, siku mbili za mgao, na dumu ambalo halijasuguliwa tangu linunuliwe. Kama CBWSO yenu, yaani chombo cha jamii kinachoendesha mradi wa maji, ina uwezo wa kupima mahali pamoja tu kwa wiki, ipime hapo kwa huyo mama.

Kinachopimwa ni klorini huru, yaani dawa iliyobaki majini baada ya kumaliza kazi ya kuua vijidudu. Kwenye tenki, nusu saa baada ya kutia dawa, iwe miligramu 0.5 kwa lita au zaidi kidogo. Kwenye kilula cha mwisho, yaani bomba la umma la kuchotea, isishuke chini ya 0.2. Ikisoma sifuri haina maana kwamba maji yameshachafuka. Maana yake ni kwamba hata yakichafuka kuanzia hapo, hakuna kitu cha kuyalinda.

Kipimo ni kile kiboksi cha plastiki chenye vidonge vya DPD namba 1, vinavyogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, kama kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Suuza kichupa mara tatu kwa maji unayotaka kupima, jaza hadi kwenye alama, dondosha kidonge bila kukigusa kwa vidole, funga, tikisa hadi kiyeyuke, kisha linganisha rangi ya waridi papo hapo. Ukiacha dakika tano ndipo usome, unasoma namba nyingine. Kuna pia vipimo vya matone vinavyogeuza maji kuwa ya njano. Hivyo huonyesha klorini yote kwa jumla, hata ile ambayo imeshafungwa na uchafu na haina nguvu tena, kwa hiyo vinaweza kuwapa moyo bure. Na kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazoefu: dawa ikizidi mno, rangi ya waridi hutokea mara moja kisha ikapotea, kichupa kikabaki cheupe, na fundi akaandika sifuri na kuongeza dawa. Ukiona rangi imepita hivyo, changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na dawa, pima tena, kisha zidisha jibu kwa kumi.

Tenki likisoma 0.6 na kilula cha mwisho kikasoma sifuri, msikimbilie kuongeza unga wa klorini. Shukeni na laini kilula kwa kilula. Namba ikipungua polepole, 0.6, 0.5, 0.3, ni umbali na muda tu. Ikianguka ghafla kati ya vilula viwili, hapo kuna jambo: mpasuko unaoingiza uchafu, au bomba lisilo na mzunguko ambamo maji hulala na utando ukajijenga ukutani. Fungueni valvu ya kusafishia ya kipande hicho, maji yakimbie kwa nguvu hadi yawe meupe, kisha mpime upya.

Sasa kiasi cha dawa. Kosa ninaloliona zaidi ni kutia kopo moja kwa tenki, masika na kiangazi, kwa sababu fundi aliyetangulia alifanya hivyo. Maji ya mto wakati wa mvua hula dawa kuliko maji ya kisima kirefu, na maji yenye chuma hula zaidi. Kila chanzo kipimwe hivi. Yeyusha gramu 15 za klorini ya unga, ile ya asilimia 65 hadi 70, kwenye lita moja ya maji safi. Umepata myeyusho wa asilimia 1. Chukua ndoo nne za plastiki, kila moja na lita 20 za maji ya chanzo. Kwa bomba la sindano la famasi, tia mililita 1 kwenye ndoo ya kwanza, 2 ya pili, 3 ya tatu, 4 ya nne. Koroga, funika, subiri nusu saa, pima zote. Tuseme zimesoma 0, 0.1, 0.5 na 1.0. Ndoo ya tatu ndiyo yenu. Tenki la lita 50,000 ni ndoo 2,500 za namna hiyo, kwa hiyo mnahitaji mililita 7,500, yaani lita saba na nusu za myeyusho, ambazo ni gramu 113 hivi za unga. Nunueni mizani ndogo ya jikoni. Kijiko cha mtu mmoja si kijiko cha mwenzake.

Msimwage dawa juu ya tenki lililojaa. Itazama chini karibu na bomba la kutolea, wa kwanza kuchota wapate maji makali yanayowasha macho na wa mwisho wasipate kitu. Tieni tenki likiwa robo, maji yanayoingia yachanganye yenyewe, na valvu ya kutolea ibaki imefungwa nusu saa baada ya kujaa. pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ikizidi 8 klorini hufanya kazi kwa uvivu, basi subirini zaidi.

Kwenye mradi wa mserereko, ambako maji hushuka yenyewe bila pampu, maji huingia usiku na mchana, na hapo njia ya kutia mara moja haifai. Mnahitaji dawa inayodondoka muda wote. Anzeni kwa kupima maji yanayoingia. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, mna lita 2 kwa sekunde, sawa na lita 172,800 kwa siku. Kwa kiwango cha ndoo ya tatu hapo juu, mnatumia lita 26 za myeyusho wa asilimia 1 kwa siku, au mililita 18 kwa dakika. Fundi akinge matone kwa bomba la sindano huku akitazama saa. Tatizo la pipa lenye koki chini ni kwamba pipa likipungua, msukumo hupungua, na matone ya jioni si matone ya asubuhi. Wekeni ndoo ndogo yenye boya kati ya pipa na koki ili kina cha dawa juu ya koki kisibadilike. Na kila mkikoroga unga, acheni utulie usiku kucha, mmimine maji ya juu tu. Ile chokaa nyeupe inayobaki chini ndiyo inayoziba koki, na ikiziba usiku hakuna atakayejua hadi asubuhi.

Unga wenyewe uogopeni. Ni unga unaotiwa kwenye maji, kamwe si maji kumwagwa juu ya unga. Glavu na miwani ni lazima. Unga usikae pamoja na dizeli wala oili, kwa hiyo nyumba ya mashine si mahali pake. Ukigusana na mafuta huwaka, na mvuke wake hula vyuma vya pampu. Unga usigusane na dawa ya choo yenye asidi, maana gesi inayotoka inaua. Mfuniko ukiachwa wazi unga hupoteza nguvu, na mtaendelea kupima gramu 113 za kitu kilichokwisha kufa. Vidonge vikubwa vya mabwawa ya kuogelea msivitumie kabisa, hata kama ni rahisi: vingi vina asidi nyingine iliyokusudiwa bwawa, na vikichanganyika na unga huu vinaweza kulipuka.

Hata hivyo dawa haifanyi kazi kwenye tope. Vijidudu hujificha ndani ya chembe za udongo na klorini ikapita nje. Maji yakizidi NTU 5 (NTU ni kipimo cha tope majini), shughulikieni tope kwanza. Kwa chanzo cha mto, tiba ya bei nafuu kuliko zote ni kufunga valvu ya banio, pale maji ya mto yanapoingilia bombani, mto unapokuja na maji ya kahawia, mkatumia akiba ya tenki hadi yatulie. Wenye chujio la mchanga la mwendo wa polepole wakumbuke kwamba linachuja kwa sababu lina uhai: ule utando wa juu ni viumbe wanaokula vijidudu. Mkitia klorini kabla ya chujio mnawaua. Mkilifunga siku tatu likakauka, wanakufa pia. Likianza kupitisha maji kidogo, kwangueni sentimita moja au mbili za juu, kisha subirini siku kadhaa kabla ya kuliamini tena.

Mgao ndio adui mkubwa, na hauzungumzwi vya kutosha. Bomba lenye msukumo likitoboka, maji hutoka nje. Bomba lililofungwa likitoboka, huvuta kila kilicholizunguka: maji ya mtaro, ya zizi, ya choo cha jirani. Wale wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye laini ili wajaze simtanki yao huongeza uvutaji huo kwa mtaa mzima, na kamati isione haya kuwakatia. Kama mgao hauepukiki, siku ya kufungua maji fundi apitishe ya kwanza kwenye valvu ya kusafishia, na nyumbani ndoo ya kwanza iende kudeki au bustanini.

Matengenezo ya bomba nayo huingiza uchafu kuliko mpasuko wenyewe. Punguzeni maji bila kuyafunga kabisa, ili yaendelee kusukuma nje wakati mnachimba. Chimbeni sentimita 30 chini ya bomba, toeni maji ya shimo, ndipo mfunge. Ncha zilizokatwa zizibwe kwa plastiki safi zisilale kwenye tope. Soketi na kipande kipya futeni kwa kitambaa kilicholoweshwa myeyusho wa asilimia 1, ndani na nje. Mkimaliza, safisheni laini hadi maji yawe meupe na kipimo kisome klorini, ndipo mfungulie wateja. Inaongeza saa moja. Fundi alipwe hiyo saa.

Tenki lisuguliwe walau mara moja kwa mwaka. Kabla ya kuingia, acheni mfuniko wazi hewa ibadilike, na mtu mmoja abaki nje. Baada ya kusugua na kutoa matope, jazeni maji yenye miligramu 50 kwa lita, yakae saa 24. Kwa lita 10,000 hiyo ni gramu 770 za unga. Wakati huo hakuna kuchota, na maji hayo yasimwagwe mtoni, yataua samaki. Angalieni wavu kwenye bomba la hewa na la kumwagia maji yanayozidi. Mjusi na popo hupitia hapo. Huko juu kwenye chanzo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto au bwawa. Pandeni miti ya mpaka mahali pa mita hizo 60 ili ubishi uishe.

Klorini haiondoi kila kitu. Maeneo mengi ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida yana floraidi, na kuchemsha huizidisha kwa sababu maji hupungua yenyewe ikabaki. Tanzania iliwahi kuruhusu miligramu 4 kwa lita. Sasa kikomo ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto yakiwa na madoa ya kahawia, pelekeni maji maabara kabla ya kuchimba kisima kingine hapo hapo. Kuchanganya na chanzo kingine chenye floraidi kidogo ndiyo njia rahisi; mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, hufaa kwa maji ya kunywa na kupikia ya kaya.

Kwa vijidudu, maabara za Wizara ya Maji zipo mikoani, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani watawaelekeza. Chukueni chupa ya maabara yenyewe, ile yenye dawa kidogo ndani ya kuzima klorini, na msiisuuze. Ondoeni mpira kwenye koki, futeni mdomo wake kwa spiriti, acheni maji yatiririke dakika mbili, jazeni, wekeni kwenye boksi la barafu, na yafike ndani ya saa 6. E. coli, bakteria wa kinyesi, iwe sifuri kwa mililita 100. Hakuna namba nyingine inayokubalika.

Mwishowe dumu. Pitisha kidole ndani ya shingo yake. Ukihisi utelezi, huo ni utando, na unakula dawa yote iliyofika kwa jasho la fundi. Tia konzi mbili za kokoto ndogo na maji kidogo yenye sabuni, tikisa dakika tatu, geuza upande, tikisa tena, suuza. Fanya hivyo kila wiki. Siku ambayo kipimo cha kilula kimesoma sifuri, kila kaya itie kidonge kimoja cha kutibu maji ya kunywa, cha miligramu 67, kwenye lita 20 na kusubiri nusu saa, au ichemshe hadi maji yatokote kwa nguvu dakika moja. Sehemu za juu kama Makete, dakika tatu. Tangazo hilo litolewe siku ileile, msikitini, kanisani na kwa mabalozi wa nyumba kumi, na lirudiwe hadi kipimo kisome 0.2.