Umechaguliwa PCB? Usiipe Fizikia Mgongo

Juzi usiku nikiwa zamu, kijana mmoja aliyechaguliwa kidato cha tano kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Kemia na bios naziweza, fizikia ndiyo inanitesa. Wakubwa wananiambia nikomae na hizo mbili, fizikia hata nikipata S inatosha. Ni kweli?"

Nikausoma mara tatu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na niliyaamini.

Aliyeniambia alikuwa kidato cha sita, kinara wa diskasheni, tukimsikiliza kuliko walimu. Ningependa kusema nimeshamsamehe, lakini bado naumia nikikumbuka. Alisema PCB ni kombi ya madaktari, na hakuna daktari anayemuuliza mgonjwa habari za nyaya na mawimbi. Basi nikajipangia: prepo ya usiku kemia, alfajiri bios, fizikia mpaka majaribio yakaribie. Nefroni, kile kichujio kidogo cha ndani ya figo, nilikuwa naichora bila kutazama kitabu. Kwenye taitresheni, pale unapodondosha kimiminika kimoja kwenye kingine mpaka rangi igeuke, burette, ule mrija wa kudondoshea, ilinitii. Tone moja tu na rangi imegeuka, wenzangu wanakuja kuangalia. Nilijiona nimefika.

Siku ya praktiko ya fizikia nikakutana na mita briji, kifaa cha kupimia ukinzani wa umeme, ule waya wa sentimita 100 uliolazwa juu ya ubao. Unagusa waya, mshale wa galvanomita, kile kipimo cha mkondo mdogo wa umeme, unalala kushoto. Unasogea, unalala kushoto. Unakwenda mpaka mwisho wa waya, bado kushoto. Anayeijua saketi yake anaanza kukagua viungo palepale, kwa sababu mshale usiovuka sifuri unakuambia kuna mahali hapajaunganishwa vizuri. Mimi sikujua. Nilisimama pale mikono imelowa jasho, dakika zinakwenda, wenzangu wanajaza majedwali.

Matokeo yakatoka: bios B, kemia C, fizikia S. Pointi 2, 3 na 6, jumla 11, Divisheni II. Nyumbani wakachinja kuku, baba akapiga simu mpaka kijijini. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba S haihesabiki kuwa prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo, na udaktari unataka prinsipo zote tatu. Kuku nilimla nikiwa nalia moyoni.

Nilikwenda diploma ya maabara, miaka mitatu, na leo kazi yangu naipenda na naifanya vizuri. Hilo nalisema kwa kifua. Ila humo maabara ndimo fizikia iliponikuta tena.

Kuna kipimo tunakiita ESR, cha kuona chembe nyekundu za damu zinazama kwa kasi gani. Unapandisha damu kwenye mrija mwembamba wa Westergren, unausimamisha wima kabisa, unasubiri saa moja. Chembe nyekundu zinazama polepole, juu panabaki maji ya damu ya rangi ya majani makavu, na wewe unasoma zimeshuka milimita ngapi. Mgonjwa mwenye uvimbe au maambukizi, mara nyingi chembe zake hushikana kama sarafu zilizopangwa, zikashuka haraka. Kwa nini kushikana kuziharakishe? Jibu liko kwenye kanuni ya Stokes ya mwaka 1851: kitu kinachozama kwenye kimiminika, kadiri nusukipenyo chake kinavyokuwa kikubwa ndivyo mwendo wake unavyoongezeka, tena kwa kipeo cha pili. Ni ile ile gololi inayozama kwenye glisarini, topiki ya mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka, niliyoiruka kidato cha tano kwa sababu "daktari haihitaji".

Na si hiyo tu. Mrija ukipungua nusukipenyo kwa nusu, presha ikibaki ile ile, kinachopita ni sehemu 1 tu ya 16. Mwalimu wa fizikia anaandika hayo kuhusu bomba. Wewe weka mshipa wa damu hapo, uone kama hujasoma bios. Osmosisi nayo utaikuta kwenye kemia na kwenye bios, na hesabu yake inataka halijoto ya kelvini uliyofundishwa kwenye fizikia. Wanaokutenganishia masomo haya wanakudanganya, hata kama wanakupenda.

Ndugu zangu mnaoanza mwaka huu, nawasihi. Somo unaloliogopa ndilo lipewe saa ya kwanza ya prepo, kichwa kikiwa hakijachoka. Fizikia haisomwi kama gazeti. Chukua kalamu, kokotoa, kosea, rudia. BAM, ile hisabati ya ziada ya kombi yako, nayo usiidharau, hesabu zako za fizikia zinaitegemea. Maabara ikifunguliwa, usikubali kuwa mwandishi wa kundi wakati wenzako wanashika vifaa. Shika wewe. Unganisha nyaya wewe. Na nasema tena, somo unaloliogopa lipewe saa ya kwanza.

Zamu ilipoisha nilimjibu yule kijana: marahaba, na hapana, si kweli. Akauliza aanzie wapi. Nikamwambia mekaniksi, ile topiki ya mwendo na nguvu, maswali matano kila jioni kabla hajafungua kemia. Jana ametuma picha ya daftari lake: manne ameyamaliza, la tano amelizungushia duara kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika "nimuulize mwalimu kesho asubuhi".