Runx kwenye rimu 17 na kushusha gari kwa barabara za Arusha: usikubali springi ikatwe

Mkuu, nimekuelewa hivi: una Toyota Runx inayovuta mbele tu, nati 5, tairi za kiwandani 195/60R15. Unataka rimu 17, na fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited amekuambia atakata springi mzunguko mmoja na nusu ili gari likae chini. Unaishi Moshono ndani kwenye vumbi, na wikiendi unapakia familia kwenda Kibosho. Hilo la mwisho ndilo linaloamua karibu kila kitu, kwa hiyo nakujibu kwa kulifuata.

Kwanza, rimu kubwa na kushusha gari ni kazi mbili tofauti, ingawa watu huzifanya siku moja. Ukichagua tairi sawasawa, gurudumu zima linabaki na kimo kilekile. Kinachopungua ni ubavu wa tairi. Hesabu yake ni rahisi: upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, jumlisha kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4). 195/60R15 inatoa 615. 205/45R17 inatoa 616. Hapo spidomita inabaki kama ilivyokuwa na nafasi juu ya tairi inabaki ileile. Ukiuziwa 215/45R17 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, umepewa 625, yaani milimita 5 zaidi juu ya tairi, na ukishashusha gari hizo 5 utazitafuta sana. 215/40R17 ni 604. Hiyo inakushushia sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) karibu milimita 6 hata kabla hujagusa springi.

Soma na namba ya mzigo ubavuni. Tairi yako ya sasa kwa kawaida ni 88, inabeba kilo 560. 205/45R17 zipo za 84, kilo 500 tu, na zipo za 88 zenye alama ya XL, yaani tairi iliyoimarishwa. Chukua XL, na ujaze upepo zaidi: kama ulizoea PSI 33, weka 36 hadi 37, kwa sababu XL inafikia uwezo wake wa mzigo kwa presha ya juu kuliko tairi ya kawaida. Ubavu umetoka milimita 117 hadi 92. Ukiingia shimo na upepo mdogo, ukingo wa rimu ndio unaopokea.

Kwa njia unazopita, mimi ningekushauri 16 yenye 195/55, kimo 621 na ubavu 107. Inapendeza na inavumilia. Lakini umeshasema 17, basi tuendelee na 17.

Rimu zenyewe: nati 5 kwenye Runx zimepangwa kwenye duara la milimita 100. Za Mark X na Altezza ni 114.3, hazikai, na usikubali mtu apanue matundu. Tundu la katikati kwa gari lako ni 54.1, na rimu nyingi za kununua ni 73.1 au 67.1, hivyo nunua ringi za katikati za kujazia. Bila hizo rimu inategemea nati pekee kuikalisha katikati, na stelingi inaweza kutetemeka ukifika 90 hata kama balansi imefanywa vizuri. Nati nazo: zile za rimu za alloy za Toyota zina washa bapa, wakati rimu nyingi za nje zinataka nati yenye kichwa cha koni. Uzi ni M12x1.5. Nati bapa kwenye tundu la koni inashika kwa ukingo mwembamba tu na italegea. Kaza Nm 103 kwa spana ya toki, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Kama rimu ni za mtumba, ziweke kwenye mashine ya balansi bila tairi uzitazame zinavyozunguka, na ukague upande wa ndani kama pana mshono wa kuchomelea. Ukiuona mshono, iache.

Sasa ofseti, yaani milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, ndipo wengi wanapoharibu. Chukulia rimu yako ya kiwandani ni inchi 6 na ofseti 45 (thibitisha, imeandikwa kwa ndani). Ukifunga inchi 7 ofseti 38, ukingo wa nje unatoka karibu milimita 20 zaidi kuelekea fenda. Ukiwa na watu watano, nyuma inaweza kukuna. Ukifunga inchi 7 ofseti 45, unagawa sawa: milimita 12.7 nje na 12.7 ndani kuelekea shokapu. Ofseti 42 inakupa karibu 16 nje na 10 ndani. Kati ya 42 na 45 ndipo pa kukaa. Kabla ya kulipa, ingiza vidole kati ya tairi na shokapu ya mbele upime nafasi iliyopo. Baada ya hesabu lazima zibaki angalau milimita 5.

Turudi kwenye kukata, maana hapa sitaki ubaki na shaka. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Tuseme ilikuwa 6, ukitoa 1.5 zimebaki 4.5, na springi imekuwa ngumu kwa theluthi moja. Shokapu haijui hayo. Ilitengenezwa kuituliza springi laini, kwa hiyo gari litadunda kila tuta na sili zitaanza kuvuja mafuta. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba springi iliyokatwa ni fupi kuliko shokapu ikiwa imenyooka. Gari likiinuka kwenye tuta au tairi likidumbukia shimoni, springi inalegea kwenye kikalio chake, inazunguka, na ikirudi chini inakaa upande. Kikalio cha chini kina kidato ambacho ncha ya springi inaegemea. Ncha iliyokatwa kwa grainda haina umbo la kuegemea pale, inakwangua chuma hadi kutu inaingia. Kuchoma kwa gesi ni kubaya zaidi. Moto unaua ugumu uliowekwa kiwandani, na springi inaendelea kushuka wiki baada ya wiki, kushoto na kulia visilingane.

Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa chesisi yako. Makampuni ya Japani kama Tein, Tanabe na RS-R yametengeneza nyingi kwa magari ya Toyota. Hakikisha namba ya chesisi inaendana, maana Runx ya 4WD nyuma yake ni tofauti. Chukua inayoshusha 25 hadi 30 mbele, na nyuma 20 hadi 25. Nyuma iwe pungufu kwa sababu ndiyo inayolala ukipakia watu. Za 40 na 50 ni za mtu anayeishi kwenye lami na kuendesha peke yake. Kwa matuta ya barabara ya Moshi na vivuko vya mitaro mitaani kwetu, ukiwa umepakia, 40 inakupeleka moja kwa moja kwenye bampastopu, raba inayozuia shokapu isigonge mwisho.

Kuna kipimo cha kujua kabla ya kununua chochote. Inua kifuniko cha vumbi cha shokapu ya mbele, funga zipu tai nyembamba kwenye shafti, isukume chini hadi iguse mwili wa shokapu, kisha pita njia yako ya kawaida ukiwa umepakia kama unavyopakia siku zote. Ukirudi, tazama zipu tai imesukumwa hadi wapi na imebakiza nafasi gani kufika kwenye bampastopu. Nafasi hiyo ndiyo akiba yako. Ikiwa imebaki milimita 20 tu, hata springi ya 25 itagonga, isipokuwa iwe ngumu zaidi ya uliyonayo. Kipimo hiki kina thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Kimo pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, siyo kutoka chini, maana tairi na upepo hubadilisha kipimo cha chini. Pima pembe zote nne, gari tupu, sehemu tambarare, uandike.

Kufunga: mbele shokapu inatoka nzima. Nati ya katikati juu usiifungue kabisa kabla springi haijabanwa kwa kompresa mbili za kubania springi zinazotazamana. Springi iliyobanwa upande mmoja inaweza kuvunja mkono wa mtu. Wakati umefungua, badilisha beringi ya mauntingi (kikalio cha juu cha shokapu) kama inakwama, na shokapu kama zimechoka. Springi mpya juu ya shokapu iliyokufa ni hela ya kutupa. Bampastopu ipunguze tu kama karatasi ya springi inasema, kwa kipimo kilichoandikwa, na usiitoe kamwe. Kifuniko cha vumbi lazima kirudi: vumbi letu ni laini, linashika kwenye mafuta ya shafti na kuila sili kama msasa. Kwa sababu hiyohiyo koilova (shokapu zenye uzi, unazungusha ringi kupandisha au kushusha gari) sikupendekezei, labda uwe tayari kuziosha na kuzipaka grisi kila masika. Tope likikauka kwenye uzi, ringi haizunguki tena.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita: boliti za bushi za amu ya chini, na za bimu ya nyuma, zilegeze kisha uzikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza tairi likiwa linaning'inia, raba ya bushi inakaa imepinda muda wote na inachanika mapema. Tazama pia amu ya chini ikiwa gari limekaa: ikianza kupanda kuelekea tairini, umeshusha kupita kiasi, na gari litalala kwenye kona zaidi ya mwanzo ingawa springi ni ngumu.

Kabla ya kurudisha springi mbele, funga shokapu bila springi, vaa tairi mpya, inua kwa jeki hadi bampastopu ibanwe, zungusha stelingi kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho. Linalogusa hapo ndilo litakalogusa barabarani. Gari likae juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Angalia na mpira wa breki na waya wa ABS visivutwe.

Baada ya hapo alaimenti ni lazima. Ukishusha, kemba (mlalo wa tairi ukilitazama kwa mbele) inaingia ndani kidogo na too (tairi zinavyoelekea ndani au nje ukizitazama kwa juu) inabadilika. Too ndiyo inayokula tairi ukingo wa ndani haraka. Kemba ya nyuzi 1 hadi 1.5 peke yake haina shida kubwa. Too iwekwe karibu na sifuri, kemba kushoto na kulia zisipishane zaidi ya nusu nyuzi. Kama kemba imezidi, kuna boliti nyembamba za kurekebishia zinazofungwa pale shokapu inapoungana na nako, chuma kinachoshika habu ya gurudumu. Nyuma ni bimu, hairekebishwi, kwa hiyo kama mashine inaonyesha imepinda, bimu ilishapata kipigo zamani. Rudia alaimenti baada ya kilomita 500 hivi, springi mpya zikishakaa, na siku hiyohiyo rekebisha taa za mbele. Kama nyuma imeshuka pungufu ya mbele, zitakuwa zinamulika chini na karibu mno kwa safari ya usiku.