Maswali na Majibu: Nilimpa Mgonjwa Dawa ya Mwenzake

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani, nikiwa katika mwaka wangu wa pili kazini. Wiki tatu zilizopita, zamu ya usiku, nilimpa mgonjwa kidonge cha kushusha shinikizo la damu alichoandikiwa mgonjwa wa kitanda cha pili, kwa kuwa majina yao ya kwanza yanafanana na nilikuwa nimeitwa mara mbili katikati ya kugawa dawa. Nilitambua kosa baada ya dakika chache, nikawa nampima shinikizo hadi asubuhi. Hakudhurika, nami sikumwambia mtu. Tangu hapo sipati usingizi. Nikitoa taarifa sasa, nitakuwa nimejisaidia au nimejichongea?

JIBU: Toa taarifa, dada yangu, na uitoe leo. Ulifanya vyema kumpima mgonjwa, lakini daktari wa zamu alipaswa kujua usiku uleule, kwa sababu baadhi ya dawa za shinikizo hufanya kazi kwa saa 24 au zaidi, na mgonjwa aliyeonekana mzima alfajiri angeweza kuanguka mchana akiinuka kwenda msalani. Tena barua yako haisemi kama mgonjwa wa kitanda cha pili alipata dawa yake. Kosa la kubadilisha wagonjwa mara nyingi huwa na watu wawili, mmoja aliyepewa asichostahili na mwingine aliyekosa haki yake, na huyu wa pili ndiye husahaulika.

Mwendee msimamizi wa wodi, kisha uandike yaliyotokea kama yalivyotokea: saa, jina la dawa, kipimo, na namba za shinikizo ulizozipata. Usirekebishe lolote katika chati ya usiku ule. Kosa ni jambo moja, ila kuifuta au kuibadili kumbukumbu ni jambo jingine zito zaidi. Mgonjwa naye ana haki ya kuelezwa, na ni vyema aelezwe na daktari pamoja nawe.

Hofu yako si ya kipuuzi. Mwaka 2017, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, muuguzi alimpa mgonjwa dawa ya kulegeza misuli badala ya dawa ya kumtuliza, na mgonjwa akafariki. Muuguzi huyo alikiri kosa lake, lakini mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani, akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya gereza. Wauguzi wengi walihuzunika, wakihofu kwamba wenzao sasa wangeficha makosa. Nami naona hivyo: hospitali inayomwadhibu anayesema ukweli hujinyima habari za kuzuia kifo kinachofuata.

Shuleni tulifundishwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Ni mafunzo mema, lakini humwachia mzigo wote yule aliyesimama kando ya kitanda, ilhali kosa lako lilianza kabla hujafika hapo. Kwa nini wagonjwa wenye majina yanayofanana walilazwa jirani bila alama ya tahadhari? Nani alikuita wakati unagawa dawa, na je, jambo lenyewe lisingeweza kungoja? Maswali kama haya ndiyo yaliyofanya hospitali nyingi ziondoe wodini potasiamu kloridi isiyozimuliwa, yaani dawa ya chumvi ambayo haijachanganywa na maji, ambayo ikiingizwa mshipani kwa haraka husimamisha moyo. Ndiyo pia yaliyofanya daktari ahimizwe kuandika neno «yuniti» kwa ukamilifu anapoagiza insulini, kwani herufi U, kifupi cha neno hilo kwa Kiingereza, ikiandikwa kwa haraka husomeka kama sifuri, na yuniti 4 zikawa 40. Taarifa yako yaweza kuleta badiliko la namna hiyo wodini kwenu, nawe ukiwa kimya halitakuja.

Kuanzia zamu ijayo, mwombe mgonjwa ajitaje mwenyewe majina yake kamili, kisha uyalinganishe na utepe wa mkononi na chati. Usimwulize, «Wewe ndiye fulani?» Mgonjwa mwenye usingizi huitikia jina lolote.

SWALI: Mama yangu amelazwa. Je, kumwuliza muuguzi dawa anayompa ni ya nini ni kumvunjia heshima?

JIBU: Hata kidogo. Subiri tu amalize kuandaa dawa na afike kitandani, kwa maana kumkatiza anapopima dozi ni hatari. Hapo muulize jina la dawa na kazi yake, na mkumbushe dawa zinazomdhuru mama. Kidonge kikiwa na rangi au umbo tofauti na cha jana, sema kabla mama hajakimeza. Huenda ni dawa ileile kutoka kiwanda kingine, lakini muuguzi atarudi kuitazama chati.