Tenga la nyanya nabeba, pushapu ya tano inanishinda

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34, niko Ilula, kazi yangu ni kupakia nyanya kwenye Fuso. Msimu ukikolea nanyanyua matenga tangu alfajiri mpaka jioni, na kesho yake narudi tena. Sasa mpwa wangu amerudi kutoka JKT Mafinga, alikokwenda baada ya kumaliza kidato cha sita. Jumapili, tumeshakula, akashuka pale uani akapiga pushapu 40 huku anaongea. Wanangu wakaanza, "Baba na wewe! Baba na wewe!" Nikapiga nne. Ya tano nikabaki nimelala kifudifudi vumbini, mke wangu anacheka, mama mkwe anajifanya hakuona. Nina kilo 80. Je, ni hewa ya huku juu, au nimeanza kuzeeka? Nifanyeje nifike hata 20?
Mpakiaji, Ilula

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, mama mkwe aliona.

Hewa tuiache. Mpwa wako kazipata pushapu zake Mafinga, na Mafinga iko juu kuliko Ilula. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu hewa ya milimani ina neno. Wewe pushapu nne ziliisha kabla mapafu hayajajua kuna kazi. Uzee nao usiutaje mbele yangu, mimi nina 61.

Tatizo lako ni kwamba nguvu uliyo nayo ni ya kazi nyingine. Ukinyanyua tenga, mzigo unainuliwa na mapaja, makalio na mgongo, na mikono inashika na kuvuta. Pushapu ni kusukuma. Wanaofanya kazi ni kifua, mbele ya mabega, na ule msuli wa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, ambao kwa mpakiaji unakaa kama abiria. Halafu kuna tumbo. Nina hakika ile ya tano kiuno chako kilitangulia kugusa chini kabla ya kifua. Mikono ilikuwa bado na chembe ya nguvu, tumbo likaachia.

Sasa hesabu. Mtu akikaa mkao wa pushapu, viganja chini na vidole vya miguu chini, mikono yake inabeba takriban asilimia 64 ya uzito wake. Kwa kilo zako 80 hizo ni kilo 51. Wengi watakuambia upige magoti, mzigo ushuke mpaka kilo 39 hivi. Mimi magoti siyapendi sana. Mwili unakatika katikati, tumbo linapumzika, na siku ukiondoa magoti unakuta tumbo halikujifunza chochote. Afadhali uinue mikono. Weka viganja kwenye benchi la sentimita 60, miguu ikibaki chini imenyooka, mikono itabeba asilimia 41 tu, yaani kilo 33. Kitu cha sentimita 30 kitakupa kilo 44. Mwili umenyooka vilevile, tumbo linafanya kazi yake, na wewe unashusha mikono kidogo kidogo kadiri unavyopata nguvu.

Kwa hiyo anza na benchi. Liegemeze ukutani lisikimbie. Viganja viwe vipana kidogo kuliko mabega. Viwiko visitanuke kama kuku anayeanika mbawa, virudi nyuma kidogo kuelekea ubavuni. Kaza makalio kama mtu aliyekalia sindano. Shuka mpaka kifua kibakize nafasi ya ngumi moja, kisha panda mpaka mikono inyooke. Vuta pumzi ukishuka, toa ukipanda. Kubana pumzi kunapandisha presha, na wapakiaji mna tabia hiyo, nawaona stendi mnavyotoa macho.

Piga raundi nne, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kati ya raundi na raundi pumzika dakika mbili kamili. Kila raundi acha ukihisi umebakiza mbili. Usifike mahali pa kutetemeka na kuanguka. Hapo ndipo vijana hunibishia, wanadhani asiyeanguka hajafanya tizi. Pushapu ya kutetemeka inaufundisha mwili kupiga pushapu mbovu, na msuli uliochoshwa kupita kiasi Jumatatu unakuja Jumatano haujapona. Siku ya kupakia gari mbili, ruka. Hiyo siku umeshalipa.

Benchi likikupa raundi nne za 12 bila kuyumba, hamia kwenye kreti la soda lililojaa chupa, nalo liegemee ukuta. Kreti likizoeleka, weka viganja juu ya matofali mawili ya inchi sita. Halafu chini.

Ukiwa bado kwenye kreti, ongeza kitu kimoja mwisho wa zoezi: kushuka tu. Kaa mkao kamili, viganja ardhini, shuka polepole ukihesabu mpaka tano, kifua kikigusa weka magoti, inuka upya. Mara tano zinatosha. Msuli una nguvu zaidi unaposhusha mzigo kuliko unapoupandisha, ndiyo maana mtu asiyeweza kupanda anaweza kushuka taratibu, na nguvu ya kushuka huja kugeuka nguvu ya kupanda. Kesho yake kifua kitauma ukicheka. Ni kawaida, kitaacha baada ya siku mbili tatu.

Wiki tatu za kwanza utaona idadi inapanda haraka huku kifua kiko vilevile kwenye kioo. Usishangae. Mwanzoni ubongo ndio unajifunza kuiamsha misuli uliyo nayo tayari. Nyama inakuja nyuma.

Ukishapiga 10 safi za chini, tunaanza stamina. Sisi tuliokulia Mbeya tumepanda mlima Loleza tukiwa watoto, na tunajua anayeanza kwa kukimbia pale chini hukutwa amekaa kwenye jiwe. Piga pushapu moja, simama, pumua mara tano. Piga mbili, pumua. Tatu, nne, tano, kisha shuka: nne, tatu, mbili, moja. Jumla umepiga 25 na hakuna mahali ulipokufa. Kilele kikiwa sita unapata 36, kikiwa saba unapata 49, umempita mpwa wako kwa jumla ingawa si kwa mkupuo. Kwa niliowafundisha, mtu anayeanza na pushapu nne hufika 20 za mfululizo ndani ya miezi miwili mpaka mitatu, akiwa hakuruka siku ovyo.

Nakuambia haya ya polepole kwa sababu nilifanya ya haraka. Nilipokuwa na miaka 46, kwenye bonanza moja la walimu, kijana wa hesabu alinitania, nami nikakumbuka nilivyokuwa JKT nikiwa binti. Nikashuka. Miaka kama 20 nilikuwa sijapiga hata moja. Ya kumi na tatu bega la kulia likalia kama kuni kavu. Wiki sita sikuweza kuinua sufuria ya ugali wala kujisuka, mume wangu ndiye aliyekuwa ananifunga kilemba, na alikuwa anakifunga vibaya. Nilirudi kwa kusukuma ukuta wa jikoni. Nikahamia mezani, kisha ngazi ya barazani. Leo asubuhi nimepiga 22 kabla chai haijachemka.

Maumivu ya katikati ya msuli ni ya tizi. Maumivu ya kuchoma ndani ya bega, au ya kifua yanayobana na kwenda mkono wa kushoto au tayani, hayo acha zoezi hapohapo uende hospitali.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi cherehani Njombe, miaka 41. Natumia meza kama ulivyoelekeza toleo lililopita, lakini vifundo vya mikono vinaniuma, hasa asubuhi za Julai. Pia wifi yangu anasema nitaota kifua cha kiume.
Mama wa vitambaa

JIBU: Wifi mwachie mwenyewe kifua chake. Mwanamke hapati kifua cha kiume kwa pushapu, nimepiga miaka mingi na blauzi ni zilezile.

Kifundo kinauma kwa sababu kiganja kikilala bapa kinapinda karibu kama kona ya nyumba. Shika ukingo wa meza kwa vidole badala ya kulaza kiganja, au siku ukifika chini kunja ngumi juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, kifundo kibaki kimenyooka. Na baridi ya Njombe Julai, ambako kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa jalidi, si ya kushukia zoezi umetoka kitandani. Fagia uwanja kwanza, zungusha vifundo, shika kikombe cha chai ya moto. Au hamishia zoezi saa kumi jioni, hakuna sheria inayotaka alfajiri.

Ila kama vidole vinakufa ganzi usiku, kidole gumba na viwili vinavyofuata, mweleze daktari na umtajie cherehani. Hiyo huenda ni mishipa ya fahamu inabanwa kifundoni, na pushapu haitaiponya.

SWALI: Nina miaka 17, niko Tukuyu. Rafiki zangu wanakunywa mayai mabichi manne kabla ya tizi. Nami ninywe?

JIBU: Chemsha. Protini ya yai lililopikwa mwili huitumia vizuri zaidi kuliko ya bichi, na bichi linaweza kukuletea vijidudu vya kukuharisha siku tatu. Na huhitaji manne, maharage na ndizi za nyumbani kwenu, ukiongeza yai moja na glasi ya maziwa, vinatosha. Hayo mengine matatu mpelekee mama, atajua la kufanya.